Upungufu: Hakuna

Tarehe 4 Februari

Mdogo wangu,

Usishtuke kuona mwandiko wangu kwenye bahasha. Hakuna aliyekufa wala anayeumwa, isipokuwa goti langu la kushoto, na hilo unalijua. Anwani yako nimepewa na dereva wa lori la mbao aliyekuja kuulizia spea hapa yadi. Aliposema kuna mtu kiwandani kwao anahesabu mbao huku anapiga mluzi, nikajua ni wewe tu.

Tangu msiba wa Mama hatujaongea. Siku ile ulinipa mkono, ukasema "pole, Kaka", kama mtu anayempa pole jirani, ukapanda gari. Miaka minne hiyo. Sikulaumu, nasema tu.

Nina habari njema, ndiyo maana naandika. Unazikumbuka zile ripoti za mwezi nilizokuwa nabandika kwenye ubao wa kituo kikuu, ili abiria waone shirika la mabasi limepata nini na limetumia nini? Sasa umetoka utaratibu mpya. Ripoti zote za miaka kumi na tano zirudi ubaoni, na kila kisichoeleweka kielezwe kwa maandishi. Wametuletea na mkaguzi. Binti mdogo, miwani kaifunga kamba shingoni, ana adabu mpaka anatisha. Alizipanga ripoti zangu sakafuni, mwezi kwa mwezi, akavua viatu akawa anapita katikati yake taratibu asizikanyage. Kwenye safu ya upungufu wa makondakta nimeandika "Hakuna". Hakuna, hakuna, hakuna, mpaka mlangoni. Isipokuwa mwezi mmoja wa miaka kumi na miwili iliyopita. Mwezi huo kuna mistari mitatu, yote ya kondakta namba ishirini na saba. Yaani wewe.

Akaniuliza, "Mzee wangu, nisaidie kuelewa. Makondakta arobaini, miaka yote hii, aliyewahi kupungukiwa ni mmoja tu, tena mara tatu ndani ya mwezi mmoja?"

Nikasema ndiyo.

Akasema, "Basi hapa mlikuwa na mwizi mmoja au mlikuwa na mkweli mmoja. Mimi sijajua ni kipi."

Nikanywa maji na kiu sina.

Meneja akaniita pembeni. Anasema njia fupi ni kuandika kwamba ile mistari mitatu ilikuwa makosa ya uchapaji. Basi. Barua yako ya kufukuzwa itafutwa, jina lako litasafishika, na safu yote itasomeka sawasawa. Wewe unachotakiwa ni kutia sahihi fomu niliyoiweka humu, pale nilipotia alama ya penseli, kwamba umeelezwa, umeridhika na huna dai lolote. Mimi nastaafu Agosti. Ningependa nistaafu bila maneno.

Kwa hiyo ilikuwa makosa ya uchapaji. Irudishe mapema, mkaguzi anafunga kazi mwezi wa nne.

Kaka yako


Tarehe 17 Februari

Kaka, shikamoo.

Barua na fomu nimevipata. Nimesoma mara tatu, halafu nikampa fundi wa misumeno naye asome, nilidhani labda macho yangu. Akamaliza, akaniuliza, "Huyu kaka yako anakupa kitu au anakuomba kitu?" Nikairudisha kwenye bahasha.

Naomba na mimi unisaidie kuelewa, kama huyo mkaguzi wako. Uchapaji ni wa kwenye karatasi. Mimi sikupungukiwa kwenye karatasi. Nilisimama mbele ya dirisha lako, nikamwaga mkoba, ukahesabu, ukasema, "Mia nne na hamsini haipo." Nikahesabu mimi. Haipo. Ukasema, "Hesabu tena." Nikahesabu tena, foleni nyuma yangu inaguna. Hapo taipureta ilikuwa imekaa wapi?

Miaka kumi na miwili nimekuwa na majibu mawili tu. Ama mimi sijui kuhesabu, ama mke wangu alinichukulia. Zamu yangu ilikuwa inaisha dirisha limeshafungwa, kwa hiyo mkoba ulilala kwangu kabatini, naukabidhi asubuhi. Na kuhesabu najua. Likabaki jibu moja. Mara ya kwanza nilimuuliza kwa upole, akasema hapana. Mara ya tatu sikumuuliza, nilimwambia. Akaninyamazia. Nikaona mtu asiye na kosa hawezi kunyamaza vile. Akachukua mtoto na lile sanduku la bati, akaenda kwa dada yake. Mliuliza wote, na Mama aliuliza, nikawaambia tumeshindwana tabia. Sababu ilikuwa hiyo mistari mitatu.

Sasa kama ni makosa ya uchapaji, basi hela haikupotea. Kama haikupotea, hakuna aliyeichukua. Na kama hakuna aliyeichukua, mimi nilimfukuza nani?

Huku nahesabu mbao. Nilikataa kila kazi ya kushika hela. Mbao hazina chenji. Lakini kila rundo nalihesabu mara mbili, wenzangu wananicheka, wanasema Mluzi anadhani mbao zitazaa.

Fomu sijatia sahihi. Nijibu kwanza.

Mdogo wako


Tarehe 2 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako niliisomea chooni pale yadi, mlango nimeukomea, maana ofisini wangeniona uso. Hilo la shemeji sikulijua. Ningelijua sijui ningefanya nini, na nisikudanganye kwamba ningefanya la maana. Lakini sikulijua.

Haikuwa makosa ya uchapaji. Ulipungukiwa kweli. Ila wote walikuwa wanapungukiwa.

Ngoja niipange vizuri, maana hata mimi ikikaa kichwani inajifunga mafundo. Unajua kondakta akikosa chenji anamwandikia abiria nyuma ya tiketi: kiasi, tarehe, sahihi. Abiria aje kudai Dirisha la Tatu ndani ya siku saba. Wengi hawaji. Nani apande basi kufuata hamsini yake? Ile chenji isiyodaiwa ilitakiwa iingie kwenye ripoti, lakini fomu ya ripoti haikuwa na mstari wake. Nilimuuliza meneja wa wakati ule niiandike wapi. Akasema, "Weka kwanza." Nikaweka kwanza. Kwenye kopo la maziwa ya unga, chini ya meza yangu. Na sikuambiwa tena niitoe.

Halafu siku moja akaja kondakta mwenye mtoto hospitali, kapungukiwa mia mbili, na mwezi huo alishapata onyo. Nikachota kwenye kopo, nikaziba, nikaandika "Hakuna". Siku ya pili akaja mwingine. Ndivyo lilivyopata jina. Walikuwa wanaliita Bibi, kwa sababu hata uende umechacha vipi, bibi hakosi kitu kwenye fundo la nguo yake. Wakija dirishani wananong'ona, "Bibi anasemaje leo?" Nawajibu, "Bibi yupo." Hakuna aliyekuwa anaiba, au sijui, labda wapo waliokuwa wanaiba, nami nikawazibia vilevile. Mimi sikula hata senti, na hilo ndilo lililonipoteza. Nilikuwa naondoka jioni mifuko mitupu, najiona msafi kuliko wote. Ripoti ikawa inapendeza. Abiria wanasoma ubaoni, wanatikisa kichwa, "hapa kuna watu waaminifu." Wakanipa cheti. Kipo ukutani mpaka leo, juu ya meza, na Bibi chini ya meza.

Wewe sikukuzibia.

Nimekaa na sentensi hiyo tangu saa tatu asubuhi. Thelathini na tisa niliwazibia, wewe hapana. Nilipokuombea kazi, yule meneja wa wakati ule aliniambia, "Ndugu yako asije akakutia doa." Nikajiapiza kwamba wewe kwa Bibi hutachota. Nilidhani huo ndio uaminifu. Nilisimama pale dirishani nikakwambia "hesabu tena" huku kopo nimelibana kwa miguu yangu yote miwili.

Na wenzako hawakukwambia habari za Bibi kwa sababu walidhani unazijua. Wewe ndugu wa karani, walidhani ndiye wa kwanza kula. Ulipofukuzwa wakasema huyu atakuwa amezidisha, mpaka kaka yake mwenyewe kashindwa kumficha. Nilisikia wakisema hivyo. Sikuwakatalia.

Kuna daftari. Kila nilichochota niliandika, nani, lini, kiasi gani. Sijui nilikuwa namwandikia nani. Mkaguzi hajui kama lipo. Meneja wa sasa anajua kuhusu kopo ila daftari hajui. Fomu yako bado anaisubiri.

Kaka yako


Tarehe 11 Machi

Kaka,

Ile siku ya kwanza, ya mia nne na hamsini. Nitajie waliopungukiwa siku hiyo na kiasi. Usiniandikie kingine.

Mdogo wako


Tarehe 16 Machi

Mdogo wangu,

Siku ile walipungukiwa watu kumi na moja, wewe ukiwemo. Wa kwanza ni Saa Mbovu, mia tisa. Unamkumbuka, yule ambaye saa yake ya mkono ilikuwa haijawahi kusema kweli. Amestaafu kwa heshima zote, wakamzawadia saa ya ukutani, ukumbi mzima ukacheka. Wa pili mia sita na ishirini, wa tatu mia tano. Wewe ulikuwa wa nne. Wengine wote chini yako, mpaka wa mwisho, thelathini. Hata thelathini niliiziba.

Zile siku zako nyingine mbili, ya mia mbili na ya mia mbili na ishirini, hukuwa hata katika watano wa kwanza.

Umesema nisiandike kingine. Naandika, nisamehe na hilo.

Nimejaribu kujiuliza kwa nini. Barua iliyopita nilikwambia ni kwa sababu ya maneno ya meneja. Ni kweli, lakini nikilala nayo naona haitoshi. Labda nilikuwa na wivu. Ulikuwa unaingia yadi unapiga mluzi, watu wanakupisha, mimi mkubwa wako nimejifungia nyuma ya dirisha na kopo. Halafu naona hata hiyo siyo. Labda ripoti ilikuwa inahitaji mtu mmoja apungukiwe ndipo "Hakuna" za wengine ziaminike. Hiyo ya mwisho naiogopa, kwa hiyo ndiyo huenda ikawa yenyewe. Sijui. Mtu mzima wa miaka hamsini na tisa, nimeandika miezi yote ile ya ripoti, na hili moja siwezi kulieleza.

Nimekwenda kwa shemeji. Sikukuomba ruhusa kwa sababu ungekataa. Ana chumba cha kushonea mtaa wa nyuma ya posta, mlango wa bluu. Nikasimama mlangoni, nikamwambia hela haikuibwa, kila mtu alikuwa anapungukiwa, na kosa ni langu. Nilidhani atalia au atanitukana, nimejiandaa kwa yote mawili. Akaendelea kushika sindano kinywani. Nikaaga, nikaondoka. Nyuma yangu nikasikia cherehani imeanza, halafu ikasimama.

Kaka yako


Tarehe 23 Machi

Shemeji,

Nashukuru kwa kuja. Sikukukaribisha hata kiti, kilikuwa na gauni la mteja. Ulisema maneno yako kama mtu anayesoma tangazo, ukaondoka sijatoa sindano mdomoni. Sasa nimeitoa.

Ulisema umekuja kunisafisha. Mimi si msafi kiasi hicho.

Ile ya kwanza nilichukua. Siyo yote, mia tatu. Fundi cherehani alikuwa amenishikia mashine kuukuu, nilishampa hela kidogo kidogo bila kumwambia mtu, akasema nisipoongeza kitu asubuhi ile anamwuzia mwingine. Mdogo wako alikuwa bafuni, namsikia anapiga mluzi. Nikafungua kabati. Nikaona mkoba umejaa, nikasema mia tatu nani ataiona, ofisini kwao vitu vidogo vidogo si vinazibwa tu. Nilisema hivyohivyo, Shemeji, na wala sikujua habari za kopo lako.

Jioni akarudi kakunja uso. Akaniuliza kwa upole. Ule upole wake ndio ulionitisha, nikasema hapana. Nikapanga nitamwambia nikishona gauni la kwanza, nimwekee hela mezani, tucheke. Kabla ya gauni ikaja ya pili. Ikaja ya tatu. Hizo sizijui, mkoba sikuugusa tena. Aliponisimamisha katikati ya chumba akasema, "Umenichukulia mara tatu," ningesema nini? Nikisema nimechukua moja, nimejibandika zote. Nikisema sijachukua, naongopa mbele ya mwanangu. Nikanyamaza. Nimenyamaza miaka kumi na miwili juu ya cherehani hiyohiyo. Ndiyo iliyotulisha. Ndiyo iliyomsomesha binti yake, ambaye akipiga pasi anapiga mluzi, na hakufundishwa na mtu.

Sasa umekuja unaniambia kila mtu alipungukiwa siku ile. Mia tatu yangu naiweka wapi? Nimejaribu kuipanga imenishinda. Nikisikiliza maneno yako naona nimeonewa. Nikiangalia mashine naona nimeiba. Labda yote mawili, na hakuna anayeweza kuniambia kipi kimeanza.

Anwani yake sina. Mpelekee barua hii kama ilivyo. Usiifupishe, usiitie maneno mazuri.

Shemeji yako


Tarehe 5 Aprili

Mdogo wangu,

Humu ndani kuna barua ya shemeji. Kaisome kwanza, halafu urudi kwenye hii.

Umerudi? Haya. Nilikaa nayo siku tisa. Nakwambia ili ujue unaongea na mtu wa namna gani. Nilipomaliza kuisoma, kitu cha kwanza nilichosikia ni nafuu. Mabega yalishuka. Nikasema kumbe kulikuwa na mwizi, kumbe mkoba ulifunguliwa kweli, kumbe kosa langu ni dogo. Nikaitia ndani ya daftari, nikafunga droo, nikala vizuri siku hiyo. Siku ya pili nikajiambia sikupelekei kwa kukuonea huruma. Siku ya tatu nikajiambia ni siri ya mwanamke. Nilikuwa na sababu safi kila siku, kama zile ripoti.

Siku ya tisa nikafungua droo kutafuta rula. Nikaliona daftari limevimba kwa ile barua, nikalifungua palepale, siku ile, watu kumi niliowazibia. Mia tisa ya Saa Mbovu, sikuuliza imetoka wapi wala nani kafungua kabati lake. Nilichota tu. Hata shemeji angechukua yote mia nne na hamsini, wangekuwepo watatu waliokuzidi, na hao watatu niliwazibia. Mia tatu ni ya nyumbani kwako. Mistari mitatu ni yangu. Nimezitenganisha hivyo. Sijui kama nimepatia.

Basi nikanyanyuka na daftari mkononi, nikalipeleka chumba cha mkaguzi. Kopo pia nikalibeba. Likawa linalia njia nzima, sarafu zinagongana, makarani wanachungulia. Nikaviweka mezani kwake. Alisoma muda mrefu, miwani puani, kidole kwenye mstari. Mimi nimesimama kama abiria asiye na tiketi. Mwisho akavua miwani akaniuliza, "Mzee wangu, hesabu zote hizi ni sahihi?" Nikamwambia kila senti. Akasema, "Hili daftari ndilo ungelibandika ubaoni. Zile ripoti ndizo ungezificha chini ya meza." Hakucheka. Mimi nilitaka kucheka, nikaona siwezi.

Wamelibandika. Nakala za kurasa zote, ubao mzima wa kituo kikuu, na juu yake barua yangu kwamba kondakta namba ishirini na saba alifukuzwa kwa jambo ambalo wenzake wote walifanyiwa siri, na aliyefanya siri ni mimi, ndugu yake. Shirika limeandika kuwa kufukuzwa kwako kutaangaliwa upya. Makondakta wamejaa pale wanajitafuta. Mmoja kasoma jina lake mpaka chini, kasema, "Kumbe mimi nilikuwa mzigo hivi, na mke wangu anapita hapa kila siku." Mwingine kasema Bibi amekufa, tumchangie sanda. Kuna mama kaja Dirisha la Tatu na tiketi ya miaka mitatu, nyuma imeandikwa sabini, anasema amesikia tunarudisha. Wamemlipa. Fomu mpya ya ripoti sasa ina mstari wa chenji zisizodaiwa. Mstari mmoja, mdogo hivi, ungeweza kuufunika kwa kidole.

Mimi nimesimamishwa kazi. Kiinua mgongo kinasubiri uamuzi, na meneja hapokei salamu yangu. Asubuhi navaa shati, nafunga vifungo vyote, halafu nakumbuka. Fomu ile usitie sahihi. Ichane.

Sikuombi msamaha kwenye barua hii. Nilitaka kuuomba, nikaona nitakuwa nimekupa kazi nyingine ya kufanya.

Kaka yako


Tarehe 14 Aprili

Kaka, shikamoo.

Nilikuja. Sikukwambia kwa sababu sikujua kama nitashuka kwenye gari.

Nilifika kituo kikuu saa nne asubuhi, nikasimama kwenye ubao pamoja na abiria. Pembeni yangu alikuwepo Saa Mbovu, amezeeka, hakunijua. Alikuwa anajitafuta kwa kidole. Alipofika mia tisa yake akaniambia, kama unavyomwambia mtu yeyote mliyesimama naye, "Siku hiyo nakumbuka mvua ilinyesha, nilidondosha mkoba kwenye dimbwi." Nikamwambia pole. Akasema, "Kuna kijana alifukuzwa kwa nusu ya hii." Nikamwambia nimesikia. Akaniuliza saa ngapi, nikamtajia, akarekebisha saa yake. Hapo ndipo nilipotaka kulia, Kaka, na sielewi kwa nini hapo. Nimekuja nimejiandaa kuwachukia watu kumi, wa kwanza niliyekutana naye namtajia saa.

Barua ya shemeji yako nimeisoma njia nzima. Nimekasirika, halafu nikaona mia na hamsini tu ndiyo iliyokuwa yangu, nikafurahi kama mjinga, halafu nikakasirika kwamba nimefurahi. Sijui nimkasirikie nani kwanza. Nikikushika wewe, yeye anachomoka. Nikimshika yeye, naona mimi niliyesimama katikati ya chumba nikisema mara tatu. Nilihesabu kila kitu mara mbili isipokuwa lile neno.

Nilikwenda mtaa wa nyuma ya posta. Mlango wa bluu ulikuwa wazi. Sikuingia. Nilimsikia mtu anapiga mluzi ndani, nikadhani ni masikio yangu, halafu nikakumbuka. Nikakaa kwenye ngazi za duka la jirani mpaka mluzi ukaisha. Nitarudi kumwuliza mwenyewe ile mia tatu. Kwa upole wa kweli safari hii, siyo ule uliomtisha. Hiyo umesema ni ya nyumbani kwangu, na hapo umepatia, kwa hiyo usiiingize popote.

Ile nyingine, ile mistari mitatu, ni ya kwako na mimi. Nimepita mbele ya nyumba yako pia. Nilikuona dirishani, shati limefungwa vifungo vyote, umekaa tu. Nikapita.

Humu nimeweka tiketi. Ni ya basi letu, ya mwisho niliyobaki nayo mfukoni siku ile wananinyang'anya mkoba. Mbele ina namba yangu, nyuma ni nyeupe. Iandike kama tulivyokuwa tunawaandikia abiria ambao hatuna cha kuwarudishia: kiasi, tarehe, sahihi yako. Na badala ya ishirini na saba uandike jina langu, lote. Irudishe kwa mkono wa yule dereva wa lori. Nikiipata nitakuja kudai, na mimi sitapitisha siku saba.

Kiasi sikijui. Nimekaa nacho tangu juzi kimenishinda. Wewe ndiye karani.

Mdogo wako